Rolls-Royce zilizoenda vitani: maswali mnayoniuliza kila siku

Mimi ni fundi, nimelala chini ya magari miaka mingi, na hii habari ya Rolls-Royce zilizovishwa deraya (mabamba ya chuma ya kuzuia risasi) kwenye vita ya kwanza ya dunia huwa sichoki kuiongea. Shida ni kwamba kila nikiigusa napigwa maswali yale yale. Nimeyakusanya hapa, ya msingi yako juu, yale ya kukuna kichwa yako chini. Jibu lako likiwa limeguswa sehemu nyingine nitakuelekeza uende huko, sitarudia.

## Ya msingi

Gari la tajiri lilifikaje vitani?

Waliolipeleka ni wanamaji, sio jeshi la nchi kavu. Agosti 1914 kikosi cha ndege cha Jeshi la Majini la Uingereza kilitua Dunkirk kaskazini mwa Ufaransa, kamanda wao Charles Rumney Samson. Ndege za wakati ule zilikuwa zinadondoka ovyo, sasa rubani akidondoka kilomita 30 kutoka kambini unamfuata na nini? Walikuwa na magari ya kutembelea, Mercedes na Rolls-Royce zikiwemo, wakafunga bombomu (bunduki ya risasi mfululizo) juu wakaanza kuzunguka barabarani kutafuta marubani wao na kuchungulia Wajerumani wamefika wapi. Tarehe 4 Septemba karibu na mji wa Cassel wakakutana na gari la Wajerumani, zikapigwa risasi, na Samson akaona hapa pana kitu. Magari yakaingizwa kwenye karakana ya meli pale pale Dunkirk yakafungwa mabamba ya chuma cha boila.

Chuma cha boila hakizuii risasi ya karibu, hilo walilijua mapema, lakini wazo lilishaingia London. Wizara ya majini ikachukua chasisi za Rolls-Royce zote zilizopatikana, na tarehe 3 Desemba 1914 magari matatu ya kwanza yenye deraya kamili yakakabidhiwa. Kwa ujumla yalitengenezwa kama 120 hivi.

Kwa nini Rolls-Royce? Si wangechukua lori tu?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu watu wakisikia Rolls-Royce wanawaza viti vya ngozi na vioo vya mapazia. Enzi hizo kiwanda cha Rolls-Royce pale Derby, Uingereza, kilikuwa hakiuzi gari zima. Kilikuwa kinakuuzia chasisi, injini na gia, yaani gari uchi, afu wewe unalipeleka kwa mafundi wa bodi kama Barker au Hooper wakujengee unachotaka. Kwa hiyo fahari yote ilikuwa kwenye bodi na bodi haikuwa ya kiwanda. Ukiivua kinabaki chuma kigumu ambacho kilishapimwa kubeba bodi nzito za mbao na vioo na sanduku za safari za familia nzima, na kama tajiri anaweza kuweka bodi yake basi na jeshi linaweza kuweka ya kwake.

Injini ni silinda sita, lita 7.4, inavuta kuanzia chini kabisa bila kelele wala mtetemo, unaweza kuitembeza taratibu kama mtu anayenyata na bado haizimi. Lori la 1914 lilikuwa na tairi za mpira mgumu na mwendo wa kobe. Hii kitu na deraya yake yote ilikuwa inafika kilomita 72 kwa saa.

Na kuna jambo la Austria. Mwaka 1912 Rolls-Royce moja ya gia tatu ilishindwa kupanda mlima Katschberg, aibu kubwa. Kiwanda hakikubishana, kikaweka gia ya nne, kikaimarisha chasisi, 1913 wakarudi milima ile ile wakapita vizuri sana. Chasisi hiyo ya milimani ndo iliyovishwa deraya mwaka mmoja baadaye. Gari liliwahi kushindwa hadharani, wakalirekebisha kweli kweli, sasa lipo tayari kwa kazi ambayo hakuna aliyeiwaza.

Silver Ghost ni gari gani hasa?

Mwanzo lilikuwa gari moja tu la 1907 lililopakwa rangi ya fedha, jina likaenea mpaka likashika aina nzima, ile ambayo kiwanda kiliiita 40/50, na ndo hiyo hiyo iliyovishwa deraya. Zilitengenezwa mpaka 1926.

Hivi si ndo vifaru?

Hapana. Kifaru kinatembea kwa minyororo, na viliingia vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916 huko Somme. Haya yanatembea kwa tairi, ndo tunayaita magari ya deraya. Ila ni ndugu, kwa sababu mahandaki ya Ufaransa yalipochimbwa kutoka bahari mpaka milima ya Uswisi magari ya tairi yakakosa pa kupita, na wanamaji hao hao ndo wakaanza kuhangaika na chombo kinachoweza kuvuka handaki.

## Walibadilisha nini

Bodi waliifanyaje?

Bodi za kwanza zilikuwa na kuta za chuma pembeni lakini juu wazi, na mtu aliyepanda mti au ghorofani alikuwa anakuona kichwa chote. Kwa hiyo toleo la mwisho wa 1914 likafunikwa, juu kikawekwa kibanda cha duara kinachozunguka pande zote, ndani yake bombomu aina ya Vickers inayopozwa kwa maji. Chuma unene kama milimita 9. Watu watatu ndani. Nyuma waliacha jukwaa la mbao lililo wazi, masanduku ya vifaa, madumu, matandiko ya kulala, na pembeni mbao ndefu za kujinasulia kwenye mchanga. Hizo mbao zikumbuke, zinarudi kwenye swali la kuharibikiwa njiani.

Springi na tairi zilihimili uzito?

Kwa kuongezewa. Gari likavuka tani nne wakati chasisi ilizaliwa kubeba familia na mizigo yao. Springi zikaongezwa mabamba, kama tunavyofanya leo kwenye pikapu ya kubeba mchanga, hamna uchawi. Nyuma magurudumu ya spoki yakafungwa mawili mawili kila upande.

Kilichobaki kama kilivyokuwa ni breki, na hapa naomba muelewe madereva hawa walikuwa watu wa namna gani. Silver Ghost mpaka karibu na 1924 ilikuwa na breki za nyuma peke yake. Mbele hamna. Fikiria unashuka kilima chenye kokoto na tani nne, kitundu cha kuonea ni kama mdomo wa sanduku la barua, na breki ziko nyuma tu.

Rejeta je? Si risasi moja tu inatosha?

Inatosha kabisa, ndo maana mbele ya rejeta waliweka vimilango viwili vya chuma ambavyo dereva anavifungua na kuvifunga akiwa ndani. Ukivifunga umelinda rejeta lakini umenyima injini hewa. Jangwani hiyo ni hesabu ya dakika: unafunga ukiingia kwenye risasi, unapiga, unatoka, unafungua kabla maji hayajachemka. Aliyekuwa anaifanya hiyo hesabu ni dereva, huku anashika usukani, anabadilisha gia na anasikiliza mtu wa bombomu anayempigia kelele juu ya kichwa chake.

Dereva alikaa wapi?

Chini, karibu sakafuni, kwenye mto, miguu imenyooka mbele. Kiti cha kawaida kingemfanya kichwa kigonge kile kibanda. Mtu mrefu alipata shida na mtu mfupi naye alipata shida ya kuona, kwa hiyo hamna aliyefurahi.

Usukani ulihamishwa upande kwa ajili ya barabara za nje?

Watu wa magari ya kuagiza wote mnauliza hili, nawaelewa, nchi za jirani tu ukivuka mpaka upande unabadilika. Jibu ni hapana. Derby walikuwa wanatoa usukani kulia na ulibaki kulia Ufaransa, Misri, Arabuni na huku kwetu. Sababu moja, hata Wafaransa wenyewe magari yao mengi ya kifahari miaka ile yalikuwa na usukani kulia ingawa wanaendesha upande wa kulia, dereva wa tajiri alipenda kuuona ukingo wa barabara na mtaro. Ya pili ni ya kifundi: mti wa gia na breki ya mkono vilikuwa upande wa kulia wa dereva, nje ya goti lake, kuhamisha ni kuhama na mfumo wote. Kule Marekani Rolls-Royce walipofungua kiwanda Springfield baada ya vita walianza na usukani kulia vilevile, wakaja kuuhamisha kushoto katikati ya miaka ya 1920.

Uliwashaje gari katikati ya mapigano?

Kwa hendeli, mbele, nje ya deraya. Ndo maana kanuni ya kwanza ni usizime. Ila Rolls ilikuwa na mifumo miwili ya moto, magneto na koili, na kila silinda ina plagi mbili, ukipoteza moja unabaki na nyingine. Na injini ikiwa bado ya moto, imezimwa muda mfupi, mara nyingi ilikubali kuwaka kwa kuuchezea mkono wa moto (ule wa kuwahisha au kuchelewesha cheche) tu pale kwenye usukani bila kushuka. Mkono ule umeokoa watu.

## Madereva

Walikuwa kina nani? Wanajeshi au madereva wa matajiri?

Wote. Wanamaji walichukua watu waliokuwa tayari wanajua magari, mafundi wa gereji, madereva binafsi, wauzaji wa magari, wakawapa cheo cha wanamaji wakati bahari wenyewe wengi wameiona kwa mbali. Juu yao wakawepo maofisa matajiri wenyewe, maarufu zaidi ni Duke wa Westminster, Hugh Grosvenor, moja ya watu wenye ardhi na pesa nyingi kabisa Uingereza. Wanamaji walipoyaachia magari mwaka 1915 yakapita kwa jeshi la nchi kavu.

Nikitazama kila kilichobadilishwa kwenye hii gari naona mtu mmoja anafikiriwa, dereva aliye mbali na kiwanda. Plagi mbili, mbao za mchanga, sanduku la vifaa nyuma, vimilango vya rejeta. Derby iko maelfu ya kilomita, hamna duka la spea, na aliyeko pale ni yeye na spana zake.

Likiharibika jangwani walifanyaje?

Nawapa moja nzima. Septemba 1918, kusini mwa Daraa huko Syria, T. E. Lawrence, ofisa wa Kiingereza aliyepigana bega kwa bega na Waarabu, na wenzake wametoka kulipua daraja la reli la Waturuki. Gari lao halikuwa la deraya, lilikuwa Rolls ya wazi ya kubebea vitu, wameliita Blue Mist. Wanaondoka, kikombe kinachoshika springi ya nyuma kwenye chasisi kikakatika, bodi ikalala juu ya tairi. Na Waturuki wanakuja.

Dereva aliitwa Rolls, jina lake halisi, hana undugu na kampuni. Akapiga jeki, akachukua zile mbao za mchanga ili aziweke kama kabari kati ya chasisi na ekseli. Mbao ni ndefu na msumeno hamna. Wakazipiga risasi, tundu kando ya tundu kukatisha ubao, mpaka ukaweza kuvunjika kwa mkono kwa kipimo wanachotaka. Wakapanga vipande, wakafunga kamba na waya, wakashusha jeki, mzigo ukakaa. Wakaondoka. Gari lile liliendelea na kazi za kila siku karibu wiki tatu na likaingia Damascus na mbao zake.

Mimi nimewahi kufunga springi kwa mti wa mwarobaini na mpira wa ndani nikatembea kilomita 40, na nilijiona bingwa. Wiki tatu, jamani. Kwa miezi kumi na nane ambayo Lawrence alikuwa na Rolls zake jangwani, anasema hiyo ndo mara pekee gari lilimvunjikia kiungo cha namna ile.

## Yalikoenda

Ni kweli yaliokoa mateka Libya?

Kweli. Novemba 1915 manowari ya Kijerumani U-35 ilizamisha meli ya Waingereza HMS Tara karibu na Sollum, mabaharia wakakabidhiwa kwa Wasanusi (Waislamu wa jangwani waliokuwa wanapigana na Waingereza) wakapelekwa ndani kabisa jangwani, sehemu inaitwa Bir Hakeim. Waliishi kwa konokono na wali kidogo. Machi 1916 Waingereza wakaokota barua ya nahodha wa meli iliyotaja jina la mahali, lakini wapi? Wakapatikana waongozaji wanaopakumbuka.

Tarehe 17 Machi Duke wa Westminster akatoka na magari zaidi ya 40, ya deraya mbele, gari za wagonjwa nyuma, karibu kilomita 190 kwenda kwenye kisima ambacho hamna kwenye msafara aliyekiona karibuni. Wakakipata. Watu 91 wakarudi hai, mifupa na ngozi. Kwa ngamia ingekuwa siku nyingi na taarifa ingewatangulia.

Yalifika Afrika Mashariki?

Yalifika, na huku ndo yaliteseka. Kwanza yalipelekwa Namibia ya leo, na Aprili 26, 1915 pale Trekkopjes yalisaidia kurudisha nyuma shambulio la Wajerumani. Nchi kavu, wazi, gari linaona mbali, safi. Baada ya hapo ofisa aliyeyaongoza kule, Whittall, akaja huku na magari ya deraya kwa ajili ya vita dhidi ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki.

Tarehe 12 Februari 1916 yalikuwepo kwenye shambulio la kilima cha Salaita, kati ya Maktau na Taveta. Waingereza na Waafrika Kusini walishindwa siku ile. Gari la deraya kwenye pori la Taita ni kitu cha kusikitisha: mtu yuko hatua kumi kwenye vichaka humuoni, miiba inatafuna tairi za upepo, na deraya inazuia risasi lakini haizuii pancha. Afu ikaja masika. Udongo mweusi ule ukilowa, tani nne zinakaa hapo hapo mpaka jua lirudi, na mvua za 1916 zilikwamisha jeshi zima mpaka kule Kondoa, sio magari tu.

Hapo gari lilipokwama akaingia mtu. Mizigo ya vita hii ilibebwa vichwani na wapagazi kwa mamia ya maelfu, na wengi mno hawakurudi kwao, njaa na magonjwa viliwamaliza kuliko risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, tunalitamka kila siku, Dar es Salaam ni Kariakoo, na Nairobi ni Kariokor. Nawaomba sana mkisimulia habari za magari haya msiwaruke hawa. Injini ya lita 7.4 ilishindwa pale walipopita wao na mzigo kichwani.

Na kwenye baridi?

Kikosi kilichoenda Urusi na Oliver Locker-Lampson kilitumia zaidi Lanchester, nalo gari la kifahari la Kiingereza, limevishwa deraya kwa mtindo unaofanana. Kwenye theluji yenyewe fundi wa kutajwa ni Adolphe Kégresse, Mfaransa aliyesimamia gereji ya Tsar Nicholas II, ambaye alitoa magurudumu ya nyuma akaweka mikanda ya mpira. Rolls-Royce ya Lenin yenye mikanda hiyo bado ipo kwenye makumbusho Gorki nje ya Moscow.

## Ya pembeni

Wamarekani walitumia nini?

Cadillac. Mwaka 1917 jeshi lao lilifanya majaribio huko Texas mpakani mwa Mexico, likachagua Cadillac ya V8 kubebea maofisa, na zaidi ya 2,000 zikavushwa bahari kwenda Ufaransa. Usukani kushoto, stata ya umeme, dereva hapigi hendeli. Hizo hazikuvishwa deraya, kwa hiyo mabadiliko ni madogo.

Magari ya watu binafsi yaliyochangwa yalifanywa nini?

Mengi yakawa gari za wagonjwa. Bodi ya tajiri inashushwa, inapandishwa ya mbao na turubai yenye nafasi za machela. Springi laini za Rolls hapo zilikuwa baraka, mtu mwenye mfupa uliovunjika anaujua utofauti wa springi kuliko fundi yeyote.

Yalitumika mpaka vita ya pili?

Ndio, na inashangaza. Yaliboreshwa 1920 na 1924, na Juni 1940 kikosi cha 11th Hussars kilivuka mpaka wa Misri kuingia Libya kikiwa na Rolls za 1924. Kibanda cha juu kilikatwa kikaachwa wazi. Mwaka 1941 jeshi la anga lilikuwa bado nayo Habbaniya, Iraq. Mengine chasisi ilipochoka wakahamishia deraya ya Rolls kwenye chasisi ya Fordson.

Naweza kuliona moja kwa macho?

Bovington, Uingereza, kwenye makumbusho ya vifaru lipo la 1920. Ireland wanalo Sliabh na mBan, lililokuwa kwenye msafara wa Michael Collins, kiongozi wa Ireland, siku aliyouawa Béal na Bláth, Agosti 22, 1922, na wanalitunza linatembea.

Mimi niko Taveta, huku kuna cha kuona?

Gari hakuna, ila uwanja wenyewe unao wewe. Salaita iko kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, ni kilima kidogo, ukikipita haraka hukioni. Maktau kuna makaburi ya askari, Taveta pia. Shuka kwenye lami ingia porini hatua mia moja tu, afu geuka utafute barabara ulikotoka, utaelewa dereva aliyekaa sakafuni na kitundu chake alikuwa anaona nini. Nenda kiangazi, na vaa viatu vya soli ngumu, miiba ni ile ile.